Keki ya Chokoleti na Mbwa wa Nyumbani: Hesabu ya Kufanya Kabla Hujampigia Daktari

Ukinunua keki ya chokoleti kwangu, utakuta kikaratasi kimebandikwa ndani ya kifuniko cha boksi: "Keki hii ina gramu 120 za unga wa kokoa. Asipewe mbwa wala paka." Wateja huniuliza kina kazi gani. Naoka keki nyumbani, Kihonda hapa Morogoro, na nyumba nyingi ninazopelekea oda zina geti, na nyuma ya geti kuna mbwa. Sherehe ikiisha, makombo yanakwenda kwenye bakuli lake. Ndivyo tulivyolelewa, chakula hakitupwi wakati mbwa yupo: ukoko wa wali, ugali wa jana, vichwa vya dagaa, na siku ya sherehe, keki. Kikaratasi changu nimekiandika kwa ajili ya bakuli hilo.

Haya ninayoyaeleza ni kwa kila mwenye mbwa, na zaidi kwa waokaji wenzangu ambao kokoa iko jikoni kwao kila siku. Nitataja gramu na kilo mara nyingi, kwa sababu jibu liko humo. Anayejua gramu anajua kama ana dharura au hana, na daktari wa mifugo akipewa gramu anaanza kazi papo hapo badala ya kubahatisha.

Kinachomdhuru ni nini

Kokoa ina kitu kiitwacho theobromini, pamoja na kafeini kidogo. Mwili wa binadamu huvivunja na kuvitoa bila shida. Mbwa huchelewa sana: zikipita takriban saa 17 na nusu, nusu tu ya theobromini aliyoimeza ndiyo imetoka. Kwa hiyo mbwa aliyepewa kipande jioni na kingine asubuhi, cha asubuhi kinapanda juu ya cha jioni.

Ikishaingia kwenye damu, theobromini huufanya moyo uende mbio na wakati mwingine urukeruke mapigo, huamsha mishipa ya fahamu kupita kiasi, na humkojoza mbwa mfululizo. Dalili za kwanza huonekana kati ya saa 6 na 12 baada ya kula. Huanza na kiu, kutapika, kuharisha, tumbo kujaa na kutotulia. Mbwa anazunguka zunguka, analala, anainuka tena. Ikizidi hapo anahema kwa kasi, anayumba, misuli inakakamaa, anatetemeka, mwili unapata joto kali, kisha degedege. Mbwa hufa kwa sababu moyo umevurugika au pumzi imekata. Hali hii inaweza kuendelea hadi saa 72.

Najua jibu ambalo watu hunipa: "Mbwa wangu alikula biskuti ya chokoleti na yuko hai mpaka leo." Ni kweli, naye hakudanganya. Mbwa wa kilo 20 na biskuti moja yenye chembe za chokoleti, hapo theobromini ni ndogo mno. Lakini mtu huyo huyo akimwaga makombo ya keki nyeusi kwenye bakuli la mbwa mdogo wa kilo 4, anakwenda na ushahidi wa biskuti ambao hauhusiani kabisa na alichokimwaga. Mbwa wa mtaani kwetu wanaaminika kuwa wagumu, wanakula chochote jalalani. Ugumu huo hauwafanyi waiondoe theobromini haraka zaidi ya kijibwa cha sebuleni.

Nguvu ya kila aina

Kadiri kitu kilivyo kichungu na cheusi, ndivyo kinavyobeba theobromini nyingi. Unga wa kokoa usio na sukari ndio mkali kuliko vyote jikoni: takriban miligramu 28 kwa kila gramu moja. Chokoleti chungu ya kuokea isiyo na sukari ina takriban 16. Chokoleti nyeusi ya kawaida, kati ya 5 na 6. Chokoleti ya maziwa, ile ya kwenye maduka ya mtaani, ina 2 na kidogo. Chokoleti nyeupe haina theobromini ya kuhesabu, ila mafuta yake mengi yana madhara yao, nitayafikia.

Zile bamba za chokoleti za kuyeyusha tunazopambia keki, ambazo mafuta yake ni ya mimea, hutofautiana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Mimi huzihesabu kama chokoleti nyeusi, nikikosea ni heri nikosee upande huo.

Chokoleti ya kunywa ya kwenye kopo imechanganywa na sukari nyingi, kwa hiyo soma asilimia ya kokoa kwenye lebo na uhesabu hiyo tu. Kuna shida moja hapa kwetu: kokoa nyingi tunainunua kwenye maduka ya vifaa vya keki ikiwa imepimwa kwenye kifuko cha nailoni kisicho na lebo yoyote. Ukifika nacho nyumbani chukua kalamu ya wino mzito uandike KOKOA, na uzito wake. Kifuko kikikutwa kimepasuliwa chini ya meza, utapima kilichobaki na kujua kilicholiwa.

Punje za kokoa kavu nazo zina theobromini kama miligramu 20 kwa gramu. Nina ndugu wa Kyela, wilaya inayolima kokoa kwa wingi kuliko zote Tanzania, na kule kokoa huanikwa uani, kuku na mbwa wakipita. Anayeanika nyumbani awafungie mbwa wake upande mwingine. Na mliopo Uingereza na Marekani, yale maganda ya kokoa yanayouzwa kwa magunia kuweka kwenye maua yananukia chokoleti na mbwa huyala. Yaacheni dukani.

Hesabu yenyewe

Madaktari wa mifugo hupima kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mbwa. Kwenye 20 dalili nyepesi huanza: kutapika, kuharisha, kiu. Kati ya 40 na 50 moyo unaingia hatarini. Kwenye 60 na kuendelea, degedege. Mbwa mmoja mmoja hutofautiana, na wapo waliozidiwa kwa kiasi kidogo zaidi, hasa wazee na wenye ugonjwa wa moyo.

Nikigeuza hiyo kuwa gramu za unga wa kokoa kwa kila kilo ya mbwa, inakuwa hivi: gramu 0.7 ni mwanzo wa dalili, gramu 1.5 ni moyo, gramu 2 na kidogo ni degedege. Kwa chokoleti nyeusi ni gramu 3.5, 8 na 11. Kwa chokoleti ya maziwa ni gramu 9, 18 na 26. Namba hizi tisa nimeziandika kwa mkono nyuma ya mlango wa kabati la unga.

Sasa keki. Mla keki huhesabu vipande, nawe mwokaji unajua kilichomo. Keki yangu ya kilo 2 ina gramu 90 za kokoa kwenye mchanganyiko na gramu 30 kwenye krimu, jumla 120. Nikiikata vipande 20, kila kipande kina gramu 6 za kokoa, yaani miligramu 168 za theobromini. Mbwa wa kienyeji wa kilo 16 akila kimoja amepata kama 10 kwa kilo, pengine hataonyesha kitu. Viwili, 21, atatapika. Vinne, 42. Sita, yuko kwenye degedege. Mbwa wa kilo 4 anafika 42 kwa kipande kimoja tu.

Rangi ya keki inaweza kukupotosha. Keki nyekundu, ile ya velveti, ina kokoa ndani yake ingawa haionekani. Kwa kawaida ni vijiko viwili vya chakula kwa keki nzima, ambayo ni kidogo, lakini ipo. Keki ya pundamilia ina kokoa kwenye nusu ya mchanganyiko. Na krimu ya chokoleti iliyopikwa kwa chokoleti nyeusi na malai, hiyo ndiyo mbwa anayoilamba kwanza na ndiyo yenye nguvu.

Kumpima mbwa si kazi ngumu. Mbebe upande naye kwenye mizani ya bafuni, kisha panda peke yako, utoe. Mbwa mkubwa mpeleke kwenye mashine ya kusaga, mizani ya magunia ipo pale na wenye mashine hawakatai. Mpime leo akiwa mzima, uandike. Usiku wa dharura hutapata muda wa kutafuta mizani.

Akishakula

Mama mmoja, mteja wangu, alinipigia usiku baada ya kipaimara cha mwanawe. Ana mbwa mdogo mwenye manyoya marefu, wa kilo 4, na watoto walikuwa wamemlisha vipande viwili chini ya meza. Mbwa alikuwa bado anacheza. Nikamwambia, dada, viwili ni miligramu 336, gawa kwa kilo 4 ni 84. Usimtazame anavyocheza, mpigie daktari sasa hivi na umtajie hiyo 84. Daktari hakuuliza mara mbili. Alimchoma sindano ya kutapisha na mbwa akatoa matope ya kahawia yenye harufu ya chokoleti. Akamnywesha mkaa wa dawa, akamwekea dripu. Alitetemeka usiku ule, akapona. Kilichomwokoa ni kwamba hawakusubiri atetemeke kwanza.

Kwa hiyo ukimkuta na kifuko mdomoni, ondoa kilichobaki na uwafungie wanyama wengine mbali. Kusanya karatasi, boksi, vifuko, hata vipande vilivyotafunwa, upime kilichosalia. Kama mbwa ni wawili na hujui nani kala, hesabu kana kwamba kila mmoja kala vyote. Kisha piga simu ukiwa na mambo manne: uzito wa mbwa, aina ya chokoleti, gramu, na saa aliyokula. Sema pia kama ni mzee, ana mimba, au anatumia dawa.

Saa mbili za mwanzo ndizo zenye faida kubwa ya kumtapisha. Hata ukichelewa, nenda, maana chokoleti hugandamana tumboni na daktari anaweza kuona bado inafaa.

Kumtapisha ni kazi ya daktari. Ukiwa mbali naye mno, akikuelekeza kwa simu kutumia hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, fuata kipimo atakachokupa yeye na si cha mtu mwingine, na ni kwa mbwa tu, paka hapana. Mbwa anayetetemeka, anayeyumba au aliyepoteza fahamu asitapishwe kabisa, matapishi yataingia kwenye mapafu.

Maziwa ndiyo dawa ya kwanza inayotajwa mtaani mnyama akila sumu. Hayaizuii theobromini hata kidogo, na yanaongeza mafuta kwenye tumbo ambalo tayari limejaa siagi na krimu. Maji ya chumvi ni hatari yenyewe. Chumvi ikizidi kwenye damu ya mbwa inamletea degedege, ukawa na sumu mbili badala ya moja. Mafuta ya kula yakimiminwa kwa nguvu huishia kwenye mapafu. Mkaa wa jikoni uliosagwa si mkaa wa dawa. Ule wa hospitali umetengenezwa maalumu ili unase sumu, na daktari huweza kuurudia zaidi ya mara moja kwa sababu theobromini hutoka ini ikarudi tena kwenye utumbo. Wala usimtie vidole kooni, atakung'ata na hatatapika.

Hapa Morogoro tuko karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako madaktari wa mifugo wanasomea. Wewe uliye kwingine, tafuta leo namba za madaktari wawili, mmoja akiwa safarini mwingine apokee, na uzibandike kwenye friji. Ofisa mifugo wa kata yako anawajua.

Usiku wa kumwangalia

Ikiwa hesabu iko chini ya 20 na daktari amesema mwangalie nyumbani, kazi yako kubwa ni moyo wake. Mlaze ubavu. Weka vidole viwili vya kati, bila kidole gumba, ndani ya paja la mguu wa nyuma, juu kabisa karibu na kinena. Bonyeza taratibu mpaka uhisi mshipa unaodunda chini ya ngozi. Ukibonyeza sana unapotea, ukilegeza unarudi. Hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Mbwa mkubwa aliyetulia huwa kati ya 60 na 100, mdogo anaweza kufika 140. Muhimu ni kujua ya mbwa wako mwenyewe, kwa hiyo fanya zoezi hili jioni fulani akiwa mzima na amelala. Usiku wa shida, ikipanda sana kuliko ile au ikawa inadunda na kuruka, usingoje kuche.

Muinue mdomo uone ufizi. Unatakiwa uwe wa waridi. Ukiwa wa buluu au mweupe ni dharura. Kwa mbwa wenye ufizi mweusi, kama wengi wa kienyeji, vuta kope la chini uangalie hapo.

Maji yawepo muda wote. Na mtoe nje akojoe kila baada ya saa chache, hata usiku, umsubiri mpaka amalize. Theobromini hutoka na mkojo, na mkojo ukikaa ndani muda mrefu sehemu yake hufyonzwa tena kupitia kibofu. Hospitalini humwekea mpira wa mkojo kwa sababu hiyo hiyo.

Kuzuia jikoni

Kwa mwokaji, hatari kubwa haitoki kwenye keki iliyouzwa. Inatoka kwenye kile kichwa cha keki tunachokikata ili juu pawe sawa. Kila oda ya chokoleti inaacha kichwa, na kichwa hutafutiwa mlaji. Chombo chetu cha vichwa vya keki kina kifuniko cha kubana. Watoto wanakula, vinavyobaki vinakwenda kwenye shimo la taka lenye mfuniko. Maji ya kuoshea bakuli la krimu yanamwagwa kwenye sinki, si uani. Kokoa inakaa rafu ya juu, kwenye ndoo ya plastiki.

Kisha waambie watu. Msaidizi wa nyumbani, mlinzi, shangazi aliyekuja kwa wiki moja, watoto wa jirani: hao ndio wanaolisha mbwa. Waambie kwa maneno mafupi na sababu yake, kwa sababu mtu anayeambiwa "usimpe" bila sababu hudhani ni uchoyo. Na siku za sherehe uwaambie tena. Uingereza, utafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool uliotoka 2017 ulionyesha kwamba wakati wa Krismasi uwezekano wa mbwa kupelekwa hospitali kwa kula chokoleti ulikuwa zaidi ya mara 4 ya siku za kawaida, na Pasaka nayo ilipanda. Kwetu ongeza kipaimara, komunyo ya kwanza na siku za kuzaliwa.

Kwenye jikoni hilohilo kuna vingine. Zabibu kavu za keki ya matunda huharibu figo za mbwa, na kiasi kidogo kimewahi kutosha, kwa hiyo hapo sihesabu gramu, nampigia daktari moja kwa moja. Zailitoli, sukari mbadala iliyomo kwenye bablishi na chokoleti za "bila sukari", hushusha sukari ya mbwa ndani ya saa moja na inaweza kuua ini. Njugu za makadamia humlegeza miguu ya nyuma. Kahawa, kwa kafeini yake, ni ndugu wa kokoa. Na donge la unga lenye hamira, la maandazi au mkate, huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe.

Paka hana uwezo wa kuonja utamu, ndiyo maana kesi zake ni chache. Hata hivyo krimu yenye siagi huilamba kwa ajili ya mafuta, naye ni mwepesi, kilo 3 au 4, kwa hiyo hatua ni zilezile. Kasuku naye asipewe hata punje.

Siku tatu zinazofuata

Akishatulia usidhani umemaliza. Mafuta ya keki na chokoleti, ikiwemo ile nyeupe, yanaweza kuvimbisha kongosho, na hilo hujitokeza siku ya kwanza hadi ya tatu baadaye. Mbwa anakataa kula, anatapika upya, anakunja mgongo kwa maumivu ya tumbo, wengine huinamisha kifua chini na kuinua matako. Daktari akiruhusu chakula, mpe wali laini na nyama ya kuku iliyochemshwa bila ngozi wala mafuta, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Dagaa wa kukaanga na mifupa visubiri. Akitapika tena baada ya kuwa ameshaanza kula, mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo, na umkumbushe alikula nini na lini.